Mrithi wa kike katika ukabaila wa Uingereza: maana yake kwa mfano wa Isabel de Clare

Agosti 1189, mjini London, binti wa miaka ipatayo 17 aliozwa mwanamume aliyekuwa amepita miaka 40. Bwana harusi, William Marshal, alikuwa mtoto wa nne wa kiume katika familia ya makabaila wa kati. Alisifika kwa vita na mashindano ya kupigana juu ya farasi, lakini ardhi aliyokuwa nayo ilikuwa kidogo. Ndoa hiyo ilimpa ngome ya Chepstow kusini mwa Wales, mashamba katika Uingereza na Normandy (kaskazini mwa Ufaransa), na madai juu ya Leinster, jimbo zima la Ireland. Vyote hivyo vilikuwa vya bibi harusi. Jina lake ni Isabel de Clare, na sheria ilimwita mrithi wa kike.

Mrithi wa kike ni mwanamke aliyeshika urithi wa ardhi kwa sababu hana ndugu wa kiume aliye hai. Katika Uingereza ya Zama za Kati, mtoto wa kwanza wa kiume alichukua ardhi yote ya kikabaila na wadogo zake wakabaki kujitafutia. Kijana mmoja tu, hata akiwa mdogo kuliko dada zake wote, aliwafungia njia. Lakini asipokuwepo, ardhi haikwenda kwa baba mdogo wala kwa binamu. Ilikwenda kwa binti. Wakiwa mabinti kadhaa waligawana sawa kwa sawa, na mkubwa hakuwa na fungu nono kuliko mdogo. Sehemu hii ya mwisho iwekwe akilini, maana ndiyo itakayouvunja ukoo wa Isabel.

Baba yake, Richard de Clare, aliyejulikana kwa jina la utani Strongbow, alifariki 1176. Akaacha mtoto wa kiume, Gilbert, naye akafa kabla ya kufikia utu uzima. Urithi ukamwangukia Isabel.

Hapo ndipo neno la pili linapoingia: ulezi. Kabaila aliyepewa ardhi na mfalme moja kwa moja akifa na kuacha mtoto mdogo, mlezi wa mtoto huyo hakuwa mama wala mjomba. Alikuwa mfalme. Mfalme alikula mapato ya ardhi mpaka mrithi akue, na alikuwa na haki ya kumwoza. Haki hiyo ilikuwa mali kama mali nyingine: iliweza kuuzwa, au kutolewa zawadi kwa mtumishi mwaminifu. Isabel aliwekwa London chini ya Ranulf de Glanvill, hakimu mkuu wa mfalme. Henry II alimwahidi William ndoa hiyo akiwa karibu na kufa, na mwanawe Richard I akaitimiza ahadi. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba Isabel aliulizwa.

Wengi huishia hapo na kumwona kama hundi iliyopita mikono ya wanaume. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi kusimulia. Mume wa mrithi wa kike hakuwa mwenye ardhi hiyo kwa asili. Aliishika kwa haki ya mkewe. Aliiendesha, aliitetea mahakamani, alipeleka askari wake vitani, lakini mzizi wa haki ulikuwa damu ya mwanamke. Ardhi ya mke haikuingia katika ukoo wa mume ila kupitia watoto aliowazaa.

Leinster inaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine popote. Mama yake Isabel, Aoife, alikuwa binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Diarmait alipopinduliwa alitafuta msaada ng'ambo, na kwa Strongbow aliahidi mambo mawili: mkono wa binti yake na urithi wa ufalme. Ndoa ilifungwa Waterford mwaka 1170, mji ukiwa umetekwa punde. Tatizo ni kwamba kwa sheria ya Ireland ufalme haukupita kwa binti hata kidogo. Mtawala alitoka miongoni mwa wanaume wa ukoo. Kwa hiyo dhana yenyewe ya mrithi wa kike ilifika Leinster pamoja na panga za wageni, na Isabel alikuwa mjukuu wa mfalme aliyeifungulia mlango. Kwa wageni waliopewa mashamba na baba yake, yeye ndiye aliyekuwa kiungo cha haki yao.

William alilijua hilo. Mwaka 1207 Mfalme John alimwita arudi Uingereza, huku mwakilishi wa mfalme katika Ireland, Meiler fitz Henry, akisubiri nafasi ya kumnyang'anya. Utenzi mrefu wa Kifaransa uliotungwa kusimulia maisha yake, wenye mistari zaidi ya 19,000, unaeleza kwamba kabla ya kuondoka aliwakusanya watu wake na kumleta Isabel, akiwa mjamzito, mbele yao. Aliwakumbusha kuwa huyu ni bibi yao kwa kuzaliwa, binti wa aliyewapa ardhi, na kwamba yeye mwenyewe hana chochote pale ila kwa kupitia kwake. Vita vikazuka. Isabel alibaki Ireland, wengi wa makabaila wake wakasimama naye, na Meiler akashindwa.

William alifariki Mei 1219, akiwa mtawala wa Uingereza kwa niaba ya mfalme mtoto, Henry III. Mjane alikuwa na mafungu mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza lilikuwa urithi wake wa kuzaliwa. La pili lilikuwa fungu la mjane, kwa kawaida theluthi ya ardhi ya mume, ambalo alilitumia mpaka kufa kisha likarudi kwa warithi wa mume. Fungu hili si mahari kama tunavyoyajua sisi, kwani mwanamke hakuweza kuliuza wala kulirithisha. Hati ya Magna Carta ya 1215, iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, ilikuwa imeagiza mjane apewe haki zake bila kucheleweshwa, na asilazimishwe kuolewa tena. Isabel alidai ardhi yake mara moja, akapewa, akafanya mapatano na mfalme wa Ufaransa kuhusu mashamba ya Normandy. Alifariki 1220 bila kuolewa tena, akazikwa katika abasia (makao ya watawa) ya Tintern.

Alizaa watoto kumi: wavulana watano na wasichana watano. Nani angedhani ukoo huo ungekosa mrithi wa kiume? Lakini William, Richard, Gilbert, Walter na Anselm walishika nafasi ya baba mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwisho wa 1245 wote walikuwa wamekufa bila mtoto halali.

Basi sheria ile ile iliyompa Isabel kila kitu ikavigawa vitu hivyo kwa mabinti zake. Leinster ilikatwa mapande matano: Carlow kwa Maud, Kilkenny kwa Isabel, Kildare kwa Sibyl, Wexford kwa Joan, na Dunamase kwa Eva. Kufikia wakati huo ni Maud peke yake aliyekuwa hai, hivyo mafungu mengine yalishuka kwa watoto wa marehemu. Sibyl alikuwa ameacha mabinti saba. Kila mmoja wao akapata sehemu moja ya saba ya fungu la tano, yaani 1 ya 35 ya nchi ambayo bibi yao aliishika nzima.

Damu nayo ilisafiri mbali zaidi ya ardhi. Binti wa pili, Isabel, alizaa binti aliyeitwa vilevile Isabel, ambaye aliolewa na Robert Bruce wa Annandale. Mjukuu wao, aliyeitwa pia Robert, alitawazwa mfalme wa Uskoti mwaka 1306. Kwa binti yule wa miaka 17 aliyeozwa London, Mfalme Robert alikuwa kilembwe.