Je, wajua kwa nini kampuni inaweza kulipa riba bila kukosa hata mwaka mmoja na bado deni lake vitabuni likazidi kukua?

Ukifungua hesabu za kampuni iliyouza hatifungani unaweza ukakuta kitu cha kushangaza. Mwaka juzi deni limeandikwa milioni 93.9, mwaka jana milioni 95.2, ukienda kwenye maelezo ya nyuma unaona riba imelipwa yote, tena kwa wakati, na hakuna hata shilingi mpya iliyokopwa. Wazo la kwanza linalokuja ni kwamba mhasibu kachakachua. Wala hajachakachua, ndo hesabu inavyotakiwa kwenda, na mhasibu ambaye deni lake halisogei hapo ndo wa kumtilia shaka.

Tuanze na kitu chenyewe. Hatifungani (Kenya wengi wanasema bondi au dhamana) ni kampuni kukopa kwa watu wengi kwa mpigo badala ya kwenda kupiga magoti kwa benki moja. Inagawa mkopo vipande vipande, kila kipande kina kiasi kilichoandikwa, riba iliyoandikwa na tarehe ya kuiva, yaani siku ya kurudisha mkopo wenyewe. KenGen, wazalishaji umeme wa Kenya, walifanya hivi mwaka 2009, walikuwa wanatafuta shilingi bilioni 15 za Kenya wakaishia kuchukua bilioni 25, kwa riba ya asilimia 12.5. Tanga UWASA, ambayo ni mamlaka ya maji na sio kampuni ya kawaida, mwaka 2024 ikauza ya kwake ya miaka 10, shilingi bilioni 53.12 za Tanzania kwa asilimia 13.5. Piga hesabu hapo: riba peke yake kwa mwaka kwa kiasi hicho chote ni zaidi ya bilioni 7, na zinatakiwa zipatikane wateja wawe wamelipa bili au hawajalipa.

Sasa twende kwenye ile milioni 93.9 ilitokea wapi. Tuseme kiwanda cha kusaga unga kinataka kuuza hatifungani ya milioni 100, miaka 5, riba asilimia 10 inayolipwa mara moja kwa mwaka. Riba hiyo imeshapigwa chapa kwenye waraka wa mauzo, wanasheria wameshasaini, mamlaka ya masoko ya mitaji imeshapitisha, haibadiliki tena. Shida ni kwamba soko halisubiri makaratasi, hadi siku ya kuuza wenye hela wanataka asilimia 12 kwa kampuni ya aina hiyo. Nani atatoa milioni 100 apate 10 kwa mwaka wakati kwingine anapata 12? Hakuna. Kwa hiyo kinachoshuka ni bei. Mnunuzi anakaa chini anajiuliza hizi hela nitakazolipwa huko mbele, nikizipima kwa asilimia 12, leo zina thamani gani? Milioni 10 kila mwaka kwa miaka 5 zinamjia kama milioni 36.05 za leo, na ile milioni 100 ya mwisho inamjia kama milioni 56.74 za leo, jumla milioni 92.79. Hiyo ndo bei, hapandi zaidi ya hapo, na kiwanda nacho kinapokea milioni 92.79 huku kimesaini kurudisha 100.

Mhasibu anaandika nini siku hiyo? Debiti benki 92.79, krediti hatifungani 92.79 (yaani hela benki zimeongezeka, na deni nalo limeongezeka kwa kiasi hichohicho), basi. Wanafunzi wengi hapa huwa wanakomaa kwamba deni ni 100 kwa sababu ndo imeandikwa kwenye karatasi, halafu ile tofauti ya 7.21 wanaitupa kwenye hasara ya mwaka wa kwanza. Hapana. Ile 7.21 ni riba, ila ni riba ambayo imekubaliwa ilipwe siku ya mwisho badala ya kulipwa kila mwaka, na kwa kuwa ni gharama ya kukaa na hela za watu miaka mitano inatakiwa ienee kwenye miaka yote mitano.

Inaeneaje? Hapa ndo pazuri. Mwaka wa kwanza ukiisha unachukua deni la vitabuni, 92.79, unazidisha kwa ile asilimia 12 ya soko la siku ya kuuza (sio 10 ya kwenye karatasi), unapata 11.13. Hiyo ndo gharama ya riba inayoingia kwenye faida na hasara. Lakini kilichotoka benki ni 10 tu. Ile 1.13 iliyobaki haijalipwa, sasa kama haijalipwa inaenda wapi? Inapanda juu ya deni. Debiti gharama ya riba 11.13, krediti benki 10, krediti hatifungani 1.13, na deni linakuwa 93.93. Mwaka wa pili unapiga asilimia 12 ya 93.93 unapata 11.27, unalipa 10, deni 95.20. Wa tatu 96.62, wa nne 98.21, na wa tano riba inakuwa 11.79, unalipa 10 zako, deni linagonga 100 kamili siku ileile ya kuiva. Unalipa 100, akaunti inabaki sifuri, hakuna hasara ya ghafla wala nini. Jumla ya gharama kwa miaka yote ni 57.21, yaani zile 50 zilizolipwa taslimu na ile 7.21 iliyokuwa imejificha.

Kuna njia ya mkato ya kugawa 7.21 kwa tano, 1.44 kila mwaka. Viwango vya IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandika hesabu, ambavyo Kenya ilivipokea mwaka 1999 na NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, mwaka 2004, haviitaki, Wamarekani wanaivumilia kama tofauti sio kubwa. Mimi nawaelewa IFRS, maana deni linakua kila mwaka, sasa riba ibaki palepale kwa nini?

Mambo yakigeuka, karatasi inasema 12 na soko linataka 10, watu watagombania na kulipa 107.58. Hesabu ni ileile ila inaenda kinyume, kila mwaka unalipa 12 wakati gharama halisi ya mwaka wa kwanza ni 10.76, ile ziada inakula deni taratibu hadi libaki 100. Na zile hela za wanasheria na madalali wa kuuza hatifungani nazo wengi wanazipeleka moja kwa moja kwenye matumizi, wakati kwa mkopo wa namna hii zinakatwa kwenye deni siku ya kwanza. Deni linaanzia chini zaidi na riba halisi inapanda kidogo juu ya ile 12 ya kiwanda chetu.

Kuna kingine kinachowashtua wenye hisa. Deni la miaka mitano halikai kwenye madeni ya muda mrefu miaka yote mitano. Safaricom waliuza hatifungani ya miaka mitano Novemba 2009, bilioni 7.5 za Kenya, sehemu kubwa kwa asilimia 12.25, na mwaka wao wa hesabu unafungwa 31 Machi. Ina maana kufika 31 Machi 2014 imebaki chini ya miezi minane kuiva, kwa hiyo kwa kanuni linahamia kwenye madeni ya kulipwa ndani ya mwaka. Hakuna aliyekopa kitu ila ukilinganisha mali za muda mfupi na madeni ya muda mfupi uwiano unaporomoka, na asiyejua anaanza kusambaza meseji kwamba kampuni inakufa.

Kwa nini kampuni zinajipa shida yote hii badala ya kuuza hisa? Sababu moja kubwa ni kodi, riba kwa kawaida inatolewa kwenye faida kabla kodi haijapigwa ila gawio halitolewi. Nyingine ni kwamba mwenye hatifungani hapigi kura kwenye mkutano mkuu. Ila riba haina huruma, gawio unaweza ukaliruka mwaka mbaya, riba ukiiruka unaitwa mdaiwa sugu. Na mkopeshaji naye asijione yuko salama sana, Imperial Bank ya Kenya iliuza dhamana ya bilioni 2 kwa asilimia 15 mwaka 2015, na Oktoba 2015 ikawekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa) siku zilezile dhamana ilipokuwa inangojewa iingie soko la hisa la Nairobi.

Halafu kuna kituko ambacho hata wahasibu wenyewe walikuwa wanakicheka. Nilichoeleza juu kinatumia riba ya siku ya kuuza na hakibadiliki tena hata soko lifanye nini. Lakini kampuni inaweza ikachagua kuandika baadhi ya madeni yake kwa bei ya soko ya leo, na benki kubwa nyingi zilichagua hivyo. Sasa fikiria, watu wakianza kuogopa kwamba benki haitalipa, bei ya hatifungani zake inashuka, deni vitabuni linashuka, na deni likishuka upande wa pili unaandika faida! Robo ya tatu ya 2011 Morgan Stanley waliandika faida ya dola bilioni 3.4 kwa njia hii, kwa sababu tu soko liliwaona wako hoi kuliko robo iliyotangulia. IFRS 9 baadaye ikasema mabadiliko ya aina hiyo, isipokuwa kwa nadra, yatoke kwenye faida na hasara yaingie kwenye mapato mengine yanayoenda moja kwa moja kwenye mtaji, na Wamarekani nao wakabadilisha kanuni yao mwaka 2016.