Mtu mmoja akiondoka kwarteti imekufa? Sio kweli jamani

Naomba hili tulimalize. Nafundisha kwarteti, yaani kundi la wapigaji wanne: violini mbili, viola (kama violini ila kubwa kidogo na sauti ya chini zaidi) na selo. Kila mwanafunzi wangu akiondoka hapa Mtwara kwenda kidato cha tano au chuo, wazazi na walimu wa kwaya wananiambia neno lilelile, eti mwalimu hapo kundi limeshakufa, kwarteti ikipoteza mtu mmoja sio ile tena, bora mvunje. Safari hii kaondoka kijana wa viola, simu haziishi.

Hiyo dhana inakotoka nakujua. Watu wanawaangalia Amadeus Quartet wa London, walioanza pamoja 1947, wanne walewale mpaka 1987 Peter Schidlof wa viola alipofariki na waliobaki wakaamua kuacha. Uamuzi wa heshima, naukubali kabisa, ila ulikuwa uamuzi WAO, sio sheria ya kwarteti, na makundi ya namna hiyo ni machache mno.

Sasa angalia Budapest Quartet. Ilianza 1917 na wapigaji wanne wa okestra (kundi kubwa la wapiga vyombo) ya opera kule Budapest, Hungary. Katika hao wanne, Indig akatoka 1920, Son 1930, Hauser aliyekuwa violini ya kwanza, yaani anayeongoza, akatoka 1932, Ipolyi 1936. Kufika hapo hakuna mwanzilishi hata mmoja, wote wanne ni watu waliozaliwa kwenye dola ya Urusi, na jina bado ni Budapest. Kwa hesabu zenu hilo kundi ni marehemu. Sasa mbona baada ya hapo ndio 1940 wakakaribishwa Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani kule Washington, wakawa wanapiga pale mpaka 1962 kwa vyombo vilivyotengenezwa na Stradivari, fundi maarufu wa violini wa zamani wa Italia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakarekodi kwarteti zote za Beethoven? Waliacha 1967. Yaani miaka 31 bila muasisi yeyote!

Iliwezekana kwa sababu hawakubadilika kwa mkupuo. Joseph Roisman aliingia 1927 akapiga violini ya pili, akakaa hapo miaka mitano akilisikia kundi kutoka ndani, Hauser alipoondoka yeye ndio akapanda kuwa wa kwanza. Kila anayeingia anawakuta watatu wanaojua wapi sauti inashuka na wapi inasubiriwa, anajifunza kwao, kesho naye anamfundisha anayefuata. Wapiga ngoma wa sindimba kule Newala si ndio hivyohivyo, wazee wanapumzika vijana wanaingia na hakuna anayetangaza msiba wa ngoma.

Kwa hiyo kijana mpya wa viola simtafuti mwenye spidi. Namtaka akae, asikilize, auangalie mkono wa kulia wa violini ya kwanza, maana hakuna mtu wa kuwahesabia moja mbili tatu: yule anavuta pumzi puani, upinde wa kupigia unapanda kidogo juu ya uzi, alafu wote wanne wanashuka pamoja. Wiki za mwanzo namnyima noti ngumu, anapiga zile sehemu za polepole za mtunzi Haydn tu mpaka pumzi zao zilingane. Wazazi hawaipendi hii, wanataka mtoto aonekane haraka, mimi hapo sibadiliki.

Mengine ninayoambiwa, nayajibu kwa kifupi. Kwarteti ni okestra ndogo, sio kweli, kwenye okestra violini kumi zinaweza kupiga mstari mmoja na kondakta, yule anayeongoza kwa mikono, yuko mbele, hapa kila mtu yuko peke yake na mstari wake na kondakta hayupo. Violini ya pili ni ya asiyejua, mrudie Roisman hapo juu. Viola ni violini kubwa tu, hapana, nyuzi zake zinatoa sauti ya chini zaidi na noti zake zinaandikwa kwa ufunguo (ile alama ya mwanzo wa mstari wa noti) mwingine, kwa hiyo mama zangu msinunue nyuzi za violini mkaniletea, agizeni za viola zenyewe Dar.

Na ile ya kwamba huu ni muziki wa wazungu, sisi Waafrika tunaiga. Justinian Tamusuza ni Mganda, jirani yetu hapa, kaandika kwarteti iliyojengwa juu ya muziki wa Kiganda na Kronos Quartet wa Marekani wakairekodi kwenye albamu iliyotoka 1992, itafuteni YouTube muisikilize mpaka mwisho.