Kwa nini wimbo wa Randy Travis ulikwama 1985 kisha ukashika namba 1 mwaka uliofuata?

Je, wajua kwamba "On the Other Hand", wimbo maarufu kwenye albamu ya Storms of Life ya Randy Travis, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, ulipotoka mara ya kwanza mwaka 1985 uliishia nafasi ya 67 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard? Mwaka 1986 ulitolewa tena na safari hii ukafika namba 1.

Katikati kulitokea jambo moja: wimbo wake mwingine, "1982", ulipanda hadi namba 6, na masikio ya wasikilizaji yakazoea sauti yake. Kabla ya hapo redio za kantri zilikuwa zimejaa vinanda vya umeme na mapambo ya pop. Kijana huyu wa Marshville, North Carolina, aliyekuwa akipika na kuimba katika klabu ya Nashville Palace, alionekana wa kizamani mno.

Uzamani huo ndio utamu wenyewe. Kwa lugha ya kwaya, sauti yake ipo kati ya ya tatu na ya nne. Mwisho wa mstari haikati ghafla. Huiteremsha taratibu, ikipita kwenye noti za katikati bila kuruka. Wanaomwiga hukosea hapo: huzidisha uzito na kuimba puani hadi maneno yanapotea. Kwenye kantri, neno lisiposikika, wimbo haupo.

Kisha kuna gitaa la stili, chombo kinacholia kama mtu. Hulazwa mbele ya mpigaji, na nyuzi zake kwa kawaida ni 10. Mkono wa kushoto huteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzikandamiza. Chini kuna pedali za kukanyaga kwa mguu. Katika mpangilio wa nyuzi uitwao E9, pedali ya kwanza huvuta uzi wa 5 na wa 10 kutoka noti ya B hadi C#. Nyuzi nyingine zinabaki palepale, kwa hiyo noti moja inapanda ndani ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) iliyotulia, na hapo ndipo kilio kinapotokea. Chuma kikikaa nyuma kidogo ya alama ya noti iliyochorwa chini ya nyuzi, kodi nzima inashuka na kuchafuka. Tena mpigaji mzuri humsubiri mwimbaji amalize mstari ndipo ajibu. Akiingia mapema anamfunika.

Wimbo wenyewe, ulioandikwa na Paul Overstreet na Don Schlitz, unacheza na msemo wa Kiingereza ambao ukiutafsiri neno kwa neno ni "kwenye mkono mwingine", ingawa maana yake ni "kwa upande mwingine". Mwanamume anahesabu kwa mkono mmoja sababu za kubaki na mpenzi mpya. Mkono mwingine una pete ya ndoa.