Usiningoje Nimalize: maoni ya riwaya iliyo bado mkononi

Mwambie mtu kwamba unasoma riwaya fulani, atakuuliza, "Umeshamaliza?" Ukijibu bado, mazungumzo yanafia hapo hapo. Au anakuwa ameshaisoma yeye, basi anatabasamu na kukuambia, "Ngoja ufike mbele, utaona." Kwa maneno hayo machache, kila ulichotaka kusema kimeshabatilishwa.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya kubuni hapa Dar es Salaam, na mkate wangu unatokana na kusoma hadithi ambazo sijui zitaishaje. Naandika leo kutetea maoni ya msomaji aliye katikati ya kitabu. Kwa kazi ninayoifanya, hayo ndiyo maoni yenye thamani kubwa kuliko yote, na ndiyo yanayopotea upesi.

Sababu ni namna riwaya inavyofanya kazi. Mwandishi hutoa habari kwa mafungu. Anachagua ujue nini mapema, akufiche nini mpaka baadaye, akuache umpende nani kabla hujamfahamu vizuri. Aliyemaliza kitabu anayajua yote kwa mara moja. Hofu iliyomshika sura ya tatu imeshafutwa na yaliyotokea sura ya kumi na mbili, na ukimuuliza ile sura ya tatu ilimfanya nini, atakujibu kwa macho ya sura ya mwisho. Hadanganyi. Hawezi tu kurudi kuwa yule aliyekuwa hajui.

Kwa sasa mimi na wenzangu kadhaa tunakutana barazani kuzungumza juu ya *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise*. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1994, tafsiri ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondolewa kwao na kupandishwa treni kwenda pwani pamoja na tajiri Aziz, ambaye yeye amezoea kumheshimu kama mtu wa ukoo. Akifika huko anatiwa kwenye duka, na kijana mwenzake wa dukani, Khalil, ndiye anayemfumbua macho: huyo si ndugu yako, baba yako anadaiwa, nawe umewekwa rehani.

Tulipofika hapo baraza liligawanyika. Kijana mmoja wa chuo alikuwa amekasirika kweli kweli. "Mwalimu," akamwambia mzee mmoja aliyestaafu ualimu, "baba gani huyu? Na mama yake anamwangalia tu?" Yeye alikuwa anasoma habari ya deni, na hamu yake yote ilikuwa kujua litalipwa lini na Yusuf atarudi kwao vipi. Dada mmoja aliyekulia Tanga alikuwa anasoma kitu kingine kabisa. Aliposikia jina Yusuf, mtoto mzuri wa sura, msafara wa wafanyabiashara, nyumba ya mkubwa yenye bustani, moja kwa moja alikwenda kwenye Surat Yusuf aliyoijua tangu chuoni kwa maalimu. Akatangaza, "Katika nyumba ile kuna mwanamke. Subirini."

Kwa Kiingereza niliisoma zamani, kwa hiyo nilinyamaza, na hapa pia sitasema kama alipatia. Ila tazama kilichotokea. Watu wawili walikuwa ukurasa mmoja, kila mmoja ana riwaya yake. Kijana alikuwa na wasiwasi wa deni. Dada alikuwa anasoma visa viwili kwa pamoja, kile cha Gurnah na kile cha sura ya 12 ya Kurani, na kila mlango ukifunguliwa anajiuliza kama mwandishi atafuata njia ya kale au ataiacha. Gurnah amekiandaa kitabu kiweze kusomwa kwa njia zote mbili, na ushahidi wa ufundi huo ulikuwa pale barazani, midomoni mwa watu ambao hawajafika nusu. Wakishamaliza, ninavyowajua, wote wawili wataniambia ni riwaya ya biashara ya misafara na ujio wa Wajerumani. Watakuwa wamesema kweli, na tofauti yao itakuwa imepotea.

Shuleni hatukufundishwa kusema hivi. Tulipewa fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, kisha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Ni vyombo vizuri, navitumia kila siku. Lakini vyote vimetengenezwa kwa ajili ya kitabu kilichofungwa. Huwezi kutaja ujumbe wa riwaya ukiwa ukurasa wa sitini, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kwamba akiwa ukurasa wa sitini hana la kusema. Anasubiri mwisho, na wengi hawausubiri hata huo, wanakimbilia mwongozo unaouzwa kando ya kitabu chenyewe. Wanaingia kwenye mtihani na maoni ya mtu mwingine juu ya hadithi ambayo wao wenyewe haikuwahi kuwatia hofu wala kuwachekesha.

Sehemu moja tu msomaji wetu amepewa ruhusa ya kusema mapema, nayo ni hadithi za upelelezi. Hapo hakuna anayeuliza kama umemaliza. Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi wake, Bwana Msa, kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, alimpa na rafiki wa kufuatana naye, Najum, ambaye anaona yale yale anayoyaona Bwana Msa lakini hayaunganishi. Msomaji anawekwa mahali pa Najum, anabashiri, anakosea, anabashiri tena. Ubashiri ule ni maoni ya katikati ya kitabu, na kila mtu anakubali kwamba ndio utamu wenyewe. Sioni kwa nini tusiwe na uhuru huo huo tukisoma riwaya isiyo na maiti. Na wasomaji wa hadithi za kuendelea magazetini wamekuwa nao siku zote. Neno "itaendelea" liliwalazimisha kujadili kitu ambacho hakuna kati yao aliyekuwa amekimaliza, na walijadili kwa ukali na kwa furaha.

Sasa namna ya kuyasema. Kwanza taja ulipo. "Mpaka hapa nilipofika" ni maneno matatu yanayomlinda kila mtu: yanakulinda wewe usidaiwe uamuzi wa kitabu kizima, yanamlinda aliye nyuma yako ajue azibe masikio lini, na yanamwonyesha aliye mbele yako mipaka ya kukujibu. Halafu sema kitabu kimekufanya nini, kabla ya kusema kitabu ni kitu gani. Ulirudi nyuma kusoma tena ukurasa upi? Wapi macho yalikimbia mistari bila kusoma? Ulianza kumchukia nani, na ulipata sababu wapi? Mwisho, sema unatazamia nini. Hili watu wanalikwepa kwa kuogopa kuonekana wamekosea, na mimi ndilo ninalolithamini kupita yote, kwa sababu matazamio ya msomaji yamejengwa na mwandishi. Kama wasomaji wote wanatazamia harusi na wewe mwandishi hukukusudia harusi, kuna kitu umekipanda bila kujua.

Miswada ndiyo imenifundisha haya. Nikimpa mtu mswada asome, simwombi ripoti ya mwisho pekee. Namwomba aandike pembezoni kwa penseli palepale anapohisi kitu: "nimechoka", "huyu ni nani tena?", "naogopa", "najua atakachofanya". Kuna mswada ambao wasomaji wake wa kwanza wote waliusifu walipomaliza. Pembezoni hadithi ilikuwa nyingine: wote walikuwa wamelala kwenye sura moja, pale mwandishi aliposimamisha kisa ili aeleze historia ya kijiji tangu enzi za mababu. Mwisho wa kitabu ulikuwa mzuri kiasi cha kuwasahaulisha uchovu wao. Bila zile penseli mwandishi asingejua, na msomaji wa dukani, asiyelazimika kumaliza, angekiweka kitabu chini kwenye sura ile ile na asikirudie.

Kuna riwaya ambazo maoni ya katikati ndiyo pekee yanayozitendea haki. *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, ni mojawapo. Anayesimulia ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao, na kwa kuwa ni yeye anayesema, tumefungiwa kichwani mwake. Ukimaliza kitabu utapewa neno la wahakiki, udhanaishi, yaani falsafa ya mtu anayejitafutia mwenyewe maana ya maisha, na utaliweka juu yake kama kifuniko. Lakini msomaji aliye katikati ana swali hai zaidi: namwamini huyu? Anapomchukia Manase, nachukia naye kwa sababu Manase ni mwovu, au kwa sababu sina masikio mengine zaidi ya ya Kazimoto? Kuna siku utamwonea huruma, na kurasa chache mbele utataka kumtikisa. Huko kuyumba ndiko Kezilahabi alikokutafuta. Ukilisubiri neno la mwisho, utasahau kwamba uliyumba.

*Rosa Mistika* yake ya mwaka 1971 nayo hivyo hivyo. Mwanzoni baba, Zakaria, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na msomaji yupo upande wa binti bila shaka yoyote. Baadaye Rosa anabadilika, na nimesikia watu wakimgeuka katikati ya kitabu kwa maneno makali ambayo wasingeyasema wakiwa wameshajua yote. Nawasihi wayaseme hivyo hivyo. Msomaji aliyemhukumu Rosa ukurasa wa katikati na akajisikia anamhukumu, amejifunza juu ya lawama jambo ambalo orodha ya dhamira haitamfundisha. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kikaja kurudi na kufundishwa. Kina nguvu ya kuwagawa watu kabla hawajafika mwisho.

Na vile vigumu? *Nagona*, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba, na watu wengi wamekiacha njiani. Wanaona haya kusema. Mimi nawaambia kwamba "sielewi" ni maoni kamili, mradi useme ni kitu gani hukielewi. Kutoelewa ni nani anayesema si sawa na kutoelewa kwa nini jambo linatokea, na vyote viwili si sawa na kuelewa kila sentensi halafu ukose pa kuziweka. Hali hiyo ya tatu ndiyo wanayokutana nayo wengi kwenye *Nagona*, kwa sababu Kezilahabi pale aliuacha uhalisia makusudi: mahali na wakati havishikiki, na safari ya msimulizi haina ramani. Mtu akishalisema hilo kwa usahihi, mara nyingi anaweza kuendelea kusoma. Na asipoweza, akiache. Maoni ya aliyeacha nayo nayapokea, akitaja alipoachia.

Sisi tuliomaliza tuna wajibu wetu, na ni mgumu. Kutotaja mwisho ni sehemu ndogo tu. Uso wako nao unasema. Mtu akibashiri jambo ukacheka, umeshamwambia. Ukisema "usimwamini huyo", umemharibia uhondo wa kuamini. Ninachofanya ni kuuliza tu: kwa nini unadhani hivyo, ni sentensi gani iliyokutia shaka? Nimeona kitabu nilichodhani nakijua kikifunguka upya kwa njia hiyo, maana mgeni anaona vitu ambavyo mwenyeji ameacha kuviona.

Baada ya *Peponi* tumekubaliana kusoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, na mimi nimeshatangulia kuanza kuirudia. Imetoka mwaka 1999, imesomwa sana kidato cha tano na cha sita, na filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 imewaleta wasomaji wapya ambao wanafungua ukurasa wa kwanza wakiwa na sura za waigizaji kichwani. Mpaka hapa nilipofika, Yasmin ameshamkimbia mume mzee aliyeozwa, ndugu zake wamemkataa, naye amehamia Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Zanzibar enzi za ukoloni, kwa shoga yake Mwajuma. Denge, kijana anayepigania uhuru, ameshaingia na siasa zake, askari wanamnyemelea, na nahisi kitabu kinaanza kumvuta msomaji aondoke kwa Yasmin amfuate yeye. Mimi sitaki kuondoka. Yasmin hakwenda Ng'ambo kutafuta harakati, alikwenda kutafuta pa kulala, na siasa ikamkuta kwenye nyumba ya watu. Kwangu mkoloni anaonekana wazi zaidi kupitia mlango ule kuliko kupitia hotuba za Denge. Mwalimu ananiambia sivyo, eti bila Denge hakuna kitabu. Naye hajafika hata pale nilipo.