Kivumishi cha Kiholanzi si kubandika -e tu

Wanaoanza Kiholanzi huambiana kwamba kivumishi kikitangulia nomino, bandika -e, basi. Si kweli. Nomino za Kiholanzi ziko makundi mawili, kwa neno dogo linalozitangulia: "de" au "het". Nomino ya kundi la "het" ikiwa katika umoja na imetanguliwa na "een" (kama "a" ya Kiingereza), kivumishi hubaki kitupu: een groot huis, nyumba kubwa. Ukisema het grote huis, ile nyumba kubwa, -e inarudi. Wingi nao, grote huizen. Kikija baada ya kitenzi, hakuna -e: de stad is groot, mji ni mkubwa. Sisi tuliolelewa na ngeli tusilalamike.

Tahajia nayo ina visa vyake. Groot hupoteza o moja, grote, lakini sauti inabaki ndefu. Wit, "-eupe", huongeza t, witte, ili i ibaki fupi. Lief, "-a kupendeza", huwa lieve. Gouden, "ya dhahabu", haiguswi: de gouden ring.