CT usiiache wazi hata kidogo

Juzi nimefungua paneli nikasikia CT (transfoma ya mkondo, ile pete inayoshusha ampia kubwa ili mita iweze kuzipima) ya fezi ya katikati inanguruma kama nyuki ndani ya debe, zile mbili za pembeni kimya kabisa. Sikugusa kitu, nikamulika tochi, kumbe skrubu ya terminali ya S1 (ncha moja ya koili inayopeleka mkondo kwenye mita) imelegea, waya umeshikilia kwa nyuzi mbili tatu na plastiki ya pembeni imeshaungua. Aliyebadilisha mita hakukaza.

Sasa wengi wanaichukulia CT kama transfoma ya kawaida, ambayo ukiiacha wazi upande wa pili inakaa tu haina neno. CT ni kinyume. Ile basba (upau unaobeba mkondo wa mzigo) inayopita katikati ya pete ya chuma ndo koili ya kwanza, mzunguko mmoja basi, na mkondo wake unaamuliwa na mzigo huko mbele, CT haina usemi hapo. Chukua ya 400/5, koili ya pili ina mizunguko 80, mzigo ukivuta ampia 400 huku zinatoka 5, na 5 mara 80 ni zilezile 400 ila zinasukuma kinyume, kwa hiyo usumaku unakaribia kufutana, kwenye chuma unabaki kidogo tu.

Ukikata waya wa upande wa pili, wa kupinga hayupo tena. Zile ampia 400 zote zinageuka za kusumakisha chuma, kinashiba fasta (hakipokei usumaku zaidi), kisha kila mkondo unapopita sifuri usumaku unapinduka ghafla na ile mizunguko 80 inatoa volti za kuruka juu sana, kwenye CT kubwa zinaweza kufika maelfu. Insulesheni inatoboka, chuma kinachemka, na wewe mwenye bisibisi mkononi… tumeelewana. Ndo maana upande huo hauwekwi fyuzi (nimeshakuta imewekwa, tena na mtu aliyeona anaongeza usalama!) na kabla hujatoa mita unashoti kwanza S1 na S2, yaani unaziunganisha pamoja ncha mbili za koili ya pili.

Ile ya juzi hata kuishoti sikujaribu, nilizima umeme ndo nikakaza. Na kukaza peke yake hakutoshi, chuma kikishashiba kinaweza kubaki na usumaku na vipimo vikaanza kudanganya, so tuliipa volti za AC upande wa pili, tukapandisha mpaka ikashiba, tukashusha taratibu hadi sifuri, halafu tukapima insulesheni na uwiano upya.