Je, wajua kwa nini bunduki za kuwindia kulungu hazina mtutu wa urefu mmoja?

Kila tarehe 15 Novemba, jimbo la Michigan nchini Marekani hufungua msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Waswahili wanaofanya kazi huko, au Pennsylvania, au Wisconsin, wanajua jinsi wenzao kazini wanavyopungua msimu ukianza. Ukiingia duka la bunduki siku hizo utaona ukutani bunduki zinazotumia risasi ya aina moja, lakini moja ina mtutu wa inchi 16, nyingine 20, nyingine 22 au 24, na kwenye risasi kubwa hadi inchi 26. Ikiwa risasi ni ileile na mnyama ni yuleyule, tofauti ni ya nini?

Wengi hudhani mtutu mrefu ndio unaolenga sawasawa. Sivyo. Mtutu mrefu unaongeza kasi tu, na kasi hiyo ina bei yake.

Pini ikigonga kiwashio nyuma ya ganda la risasi, baruti inashika moto na kugeuka gesi. Chukua risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952 na bado inapendwa sana na wawindaji wa kulungu. Mgandamizo wa gesi hufika kileleni kabla kichwa cha risasi hakijasogea hata sentimita 10. Kuanzia hapo gesi inatanuka na nguvu yake inapungua, ila bado inasukuma. Ndiyo maana kila inchi ya mtutu inaongeza kasi kidogo, na kadiri unavyokaribia mdomoni ndivyo nyongeza inavyozidi kuwa ndogo. Safari yote ndani ya mtutu huchukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa .308 yenye kichwa cha gramu 9.7, mtutu wa inchi 24 hutoa kasi ya takriban mita 860 kwa sekunde. Kila inchi unayopunguza inakula mita 6 hadi 8 hivi. Ukishuka mpaka inchi 16 unabaki na karibu mita 800.

Je, kulungu atajua tofauti hiyo? Kwenye misitu ya mashariki mwa Marekani, anakoishi kulungu wa mkia mweupe, miti imesongamana na mwindaji mara nyingi hupiga mnyama aliye chini ya mita 100. Umbali huo, vilengeo vya bunduki zote mbili vikiwa vimerekebishwa vizuri, risasi zitagonga karibu mahali pamoja. Hata kwenye mita 300, kama zote zimerekebishwa zigonge palepale zinapolengwa kwenye mita 200, ile ya mtutu mfupi itashuka chini ya mwenzake kwa takriban sentimita 5, ilhali eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa karibu sentimita 20. Kichwa cha risasi nacho bado kina kasi ya kutosha kufunguka ndani ya mwili, na hilo ndilo linalomfanya mnyama afe upesi bila kuteseka.

Hesabu inabadilika ukibadilisha risasi. 7mm Remington Magnum, ya mwaka 1962, hubeba baruti nyingi zaidi, tena ya kuungua polepole, kwa hiyo inahitaji nafasi ya kufanya kazi. Ukiitia kwenye mtutu wa inchi 20, sehemu kubwa ya nguvu yake inatokea mdomoni ikiwa moto na kishindo. Umenunua risasi ghali, bega linaumia, na kasi uliyoilipia huipati. Anayewinda kwenye nyanda za wazi za Wyoming, ambako huenda akampiga mnyama ng'ambo ya bonde, ana haki ya kutaka magnum, lakini aichukue na mtutu wa inchi 24 au 26. Kinyume chake ni .350 Legend ya mwaka 2019. Ganda lake limenyooka, aina inayoruhusiwa kwa kulungu katika jimbo la Ohio, na baruti yake ni chache na ya kuungua haraka. Inchi 16 hadi 18 zinaitosha.

Imani kwamba mtutu mrefu unalenga vizuri haikuzuka hivihivi. Bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18 zilikuwa na mitutu iliyozidi mita moja. Baruti nyeusi ya wakati ule ilinufaika na urefu, na mlengaji alitegemea vilengeo viwili vya chuma, kimoja karibu na jicho na kingine mdomoni. Vilengeo vikiwa mbali, kosa dogo la kulenga linaonekana mapema na kusahihishwa. Leo wengi hutumia darubini, na darubini haijali mtutu una urefu gani. Tena, mitutu miwili ikiwa na unene sawa, mfupi ndio mgumu kupinda, na mtikisiko wake wakati wa kufyatua ni mdogo.

Mwindaji wa msituni huwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, au ndani ya kibanda cha kuvizia chenye dirisha dogo. Kulungu akitokea upande asioutarajia, inabidi ageuze bunduki polepole bila mtutu kugonga fremu ya dirisha wala tawi. Hapo inchi nne ni nyingi mno. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1894 yenye mtutu wa inchi 20 ilipendwa msituni kwa sababu hiyohiyo.

Ila mtutu mfupi una kelele, na hapa naomba msomaji asichukulie mambo kirahisi. Bunduki ya kuwindia hupita desibeli 160, na sauti ya ghafla inayozidi 140 inaweza kuharibu masikio moja kwa moja. Mtutu ukifupishwa, mdomo unasogea karibu na uso na gesi inatoka ikiwa na mgandamizo mkubwa zaidi. Vaa vizibo vya masikio, hata kama ni risasi moja tu. Wengine hufunga kiwambo cha kuzuia sauti pale sheria inaporuhusu, na kwa kuwa kiwambo kinaongeza sentimita 15 hadi 20 mbele, wao huanza na mtutu wa inchi 16 au 18.

Chini ya inchi 16 usiende: sheria ya taifa ya Marekani inaihesabu bunduki hiyo kuwa ya aina nyingine, yenye masharti yake ya usajili. Kipimo huanzia kwenye uso wa bolti iliyofungwa, yaani chuma kinachoziba nyuma ya risasi, hadi mdomoni, kwa hiyo chumba cha risasi kimo ndani ya hesabu. Ganda la .308 lina milimita 51. Mtutu ulioandikwa inchi 20 unakipa kichwa cha risasi takriban inchi 18 tu za kusafiri.

Kwa msitu na .308, mimi ningechukua inchi 20 au 22. Aliye na mtutu mrefu tayari anaweza kumpelekea fundi bunduki aukate, mradi fundi huyo achonge upya ukingo wa mdomo kwa mashine, ukae mraba na mhimili wa tundu. Gesi inapochomoka lazima isukume kitako cha kichwa cha risasi kwa usawa pande zote. Msumeno wa nyumbani ukiacha ukingo umeinama au una pengo, gesi inatangulia upande mmoja, risasi inayumba, na bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri inaanza kutawanya.